Ngamia Tunamkagua Meno, Kruza Tunainunua kwa Salamu

Warya, hebu tuongee kidogo. Leo sina muziki, sina filta, na najua wengine mtakasirika.

Juzi nimeona maboyz wa hapa Garissa wanabishana kwenye komenti usiku mzima. Video ilikuwa ya mzungu fulani na Pontiac GTO ya 1965, nyekundu, inanguruma kama simba. Swali lilikuwa: hii ni GTO kweli ama ni LeMans imevalishwa nembo? Na lazima niseme, mnajua vitu! Kuna mmoja aliandika kwamba 1964 na 1965 GTO haikuwa modeli yake yenyewe, ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya LeMans, kwa hivyo namba ya chesisi peke yake haikuambii kitu, mpaka utafute karatasi za kiwanda. Na kwamba kuanzia 1966 namba ya GTO inaanza na 242. Ni kweli kabisa. Mtoto wa Bulla Iftin anajua jinsi ya kumshika mwongo wa Marekani.

Sasa nikuulize wewe. Ile Kruza imesimama nje ya duka la babako, namba yake ya chesisi iko wapi? Ulishawahi kuisoma?

Kimya. Nilijua.

Huku kwetu GTO ni Land Cruiser. Hiyo ndiyo gari ya nguvu, hiyo ndiyo inaimbiwa, hiyo ndiyo inabeba harusi, mgonjwa, miraa na mbuzi, wakati mwingine siku hiyo hiyo moja. Mtu akinunua Kruza hajanunua gari tu, amenunua jina. Na ndiyo maana matapeli wanaipenda kutuliko.

Nitawaambia jambo ambalo nyumbani waliniambia nisiliseme. Abti yangu, ndugu ya Hooyo, aliuza ngamia kumi na mmoja akanunua Kruza pikapu. Milioni moja na laki nne, pesa taslimu. Gari ilikuwa itabeba mizigo kwenda Dadaab na Modogashe, na sehemu ya faida ingelipa karo yangu ya chuo. Aliyemuuzia ni mtu wetu. Tumekula naye, babu zake na babu zetu walinyweshea kisima kimoja. Alimpa Abti kopi ya logibuku, wakasoma Fatiha, wakashikana mikono. Mwisho.

Miezi minane baadaye Abti alisimamishwa kwenye kizuizi barabarani. Afisa alifungua boneti, akainama kwenye gurudumu la mbele, akapangusa vumbi kwa kidole. Namba ya kwenye chesisi ilikuwa imesagwa na kugongwa upya. Gari ikawa kidhibiti cha kesi, na mpaka leo iko kwenye uwanja, nyasi zimeota mpaka mlangoni. Mimi nilirudi nyumbani semesta ya tatu. Sasa mnajua kwa nini niko hapa na simu na taa ya duara. Mnaosema niliacha chuo kwa sababu ya umaarufu, hiyo ndiyo sababu.

Lakini sijaandika hii ndio mnihurumie. Nimeandika kwa sababu ya jibu la Abti. Nilimuuliza, "Abti, kwa nini hukukagua namba?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Ningemkaguaje mtu wetu? Hiyo ni kumwambia yeye ni mwizi."

Hapo ndipo nakataa. Kwa heshima zote, lakini nakataa.

Twende soko la mifugo. Abti huyo huyo akinunua ngamia hufanya nini? Anamfungua mdomo ahesabu meno ajue umri. Anamzungusha, anamtembeza aone kama anachechemea. Anaangalia chapa kwenye ngozi, kwa sababu chapa inasema huyu ni wa ukoo gani, na chapa iliyochomwa juu ya nyingine kila mtu anajua maana yake. Kuna muuzaji alishawahi kununa? Hakuna! Ukinunua ngamia bila kumkagua, watu watakucheka wewe. Sasa ngamia mmoja unamkagua meno, halafu ngamia kumi na mmoja waliogeuka kuwa chuma unawanunua kwa salamu? Namba ya chesisi ndiyo chapa, jamani. Ni kitu kile kile babu zetu walijua kusoma.

Na msinitolee dini. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, Al-Baqarah 282, inaongea kuhusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na mnaijua ile hadithi ya Mtume sokoni: alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, juu pakavu, chini vidole vikakutana na umande. Hakuishia kutazama juu. Alitia mkono. Sisi hata boneti tunaogopa kufungua.

Wengine watasema, "Wewe mtoto, kwetu kuna wazee. Mtu akikudhulumu, wazee watakaa na haki yako itarudi." Sawa. Wazee walikaa mara tatu juu ya hii Kruza. Mtu wetu akaapa kwamba yeye pia aliuziwa na mtu wake. Huyo akaitwa, akasema aliuziwa na mtu wake wa Eastleigh. Wa Eastleigh akasema alinunua kwa jamaa ambaye simu yake haipatikani. Na unajua kinachouma? Naamini wote watatu. Kila mmoja alimwamini wa nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyepangusa vumbi. Wazee watamtoza nani, na kwa kosa gani? Uaminifu wetu ulifanya kazi vizuri sana, ulipitisha gari ya wizi kutoka mkono hadi mkono mpaka ikamfikia Abti.

Kwa hivyo hii si kazi ya fundi pekee, ni kazi yako wewe mwenye simu. Sikiza.

Kwanza, herufi za chesisi zinaongea. HZJ79: hiyo HZ inamaanisha gari ilitoka kiwandani na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. VDJ79 ni ile V8 ya dizeli. GRJ79 ni petroli, V6. Ukisoma HZJ halafu chini ya boneti kuna injini nyingine, uliza. Kubadilisha injini peke yake si wizi, lakini lazima mabadiliko yawe yamesajiliwa, na namba ya injini ilingane na rekodi.

Pili, jua historia ndio usidanganywe mwaka. Zile za zamani za 40, zenye uso wa duara, zilitoka Japani kati ya 1960 na 1984, ndipo 70 ikaingia. Injini ya 1HZ ilianza 1990. Modeli ya 79 ilianza 1999. Kwa hivyo broka akikuambia ana "79 ya 1994, safi, mwenyewe alikuwa daktari," mshukuru kwa chai, uende zako.

Tatu, chukua brashi na tochi. Namba imegongwa kwenye fremu yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Sugua uchafu. Angalia kama herufi zimepinda, kama kuna alama za kusaga au kuchomelea, kama rangi ni mpya hapo tu na kwingine kote ni kutu. Linganisha na kibati kilicho chini ya boneti, linganisha na logibuku halisi, si kopi, si picha ya WhatsApp.

Nne, tafuta rekodi ya NTSA mwenyewe kupitia eCitizen. Mwenyewe! Usikubali picha ya skrini kutoka kwa broka. Ni shilingi mia kadhaa, bei ya sahani ya wali na nyama ya ngamia. Itakuonyesha jina la mwenye gari na namba zake. Fremu, kibati, logibuku, NTSA: sehemu nne, namba moja. Hata tarakimu moja ikitofautiana, weka pesa mfukoni. Na pesa yote isitoke mpaka umiliki uhamishwe kwa jina lako kwenye mfumo. Fatiha mtasoma baada ya hapo, na itakuwa tamu zaidi.

Sasa neno kwa wenzangu wa kontenti. Mnapigiwa simu na mabroka, mnapewa elfu tano, mnapanda juu ya boneti na miwani mnasema "chuma safi, wahi kabla haijaenda." Mlisoma namba? Hamkusoma. Mama fulani atauza dhahabu yake kwa sababu ya video yako. Ukichukua hiyo elfu tano, angalau inama upige picha ya fremu. Broka akikataa, ushajua jibu.

Na kwa muuzaji mkweli: wewe ndiye ungefaa kutaka ukaguzi kuliko mtu yeyote. Mpe mnunuzi brashi mwenyewe. Mwenye ngamia mzuri huwa anamfungua mdomo kabla hajaombwa.

Najua Abti ataona hii, kuna binamu atamwonyesha. Abti, sikukusudia kukuaibisha. Hukuwa mjinga, ulikuwa muungwana, na mtu alitumia uungwana wako kama funguo. Sitaki wamtumie mwingine hivyo.

Kazi ya wiki hii: Ijumaa baada ya swala, chukua tochi, nenda kwenye Kruza ya nyumbani kwenu, sugua, soma. Msiniwekee namba zenyewe hapa. Niambieni tu: sehemu nne, zinalingana ama hazilingani?