MABAHARIA MATEKA: NANI ALIPE?

Tarehe 12 Machi 2024 meli ya shehena iitwayo Abdullah, mali ya kampuni ya Bangladesh, ilikuwa safarini kutoka Maputo kwenda Falme za Kiarabu ikiwa imejaa makaa ya mawe. Mashariki ya Somalia ikavamiwa na maharamia, na mabaharia wake 23 wakawa wafungwa ndani ya meli yao wenyewe. Sikukuu ya Idi iliwakuta humo. Walipoachiwa katikati ya Aprili, maharamia waliwaambia waandishi wa habari kwamba wamepokea dola milioni 5. Kumbe kampuni hiyo si mgeni wa biashara hii: meli yake nyingine, Jahan Moni, ilitekwa Desemba 2010 na kurudishwa Machi 2011.

Njia ya kutoka Maputo kwenda Ghuba hupita mbele ya visiwa vyetu. Kwa hiyo suala la kulipa au kutolipa kikomboleo kwa maharamia halifai kutazamwa hapa petu kama mambo ya watu wa mbali. Wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaoajiriwa katika meli za kigeni. Isitoshe, zipo meli za kigeni zinazopeperusha bendera ya Taifa letu kwa sababu zimeandikishwa Zanzibar, na hili tutalirudia kwa sababu ndilo linalotuhusu zaidi.

Wapo wanaosema kikomboleo kipigwe marufuku kabisa, na hoja yao ina nguvu ambayo si haki kuibeza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na Benki ya Dunia pamoja na Umoja wa Mataifa na Polisi ya Kimataifa ulikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 maharamia wa pwani ya Somalia walilipwa baina ya dola milioni 339 na 413, kwa meli 179. Kijana aliyepanda mashua na bunduki yake alipata baina ya dola 30,000 na 75,000 kwa kila meli. Sehemu nono, asilimia 30 mpaka 50 ya kila kikomboleo, ilikwenda kwa wenye mtaji waliokaa nchi kavu, ambao viatu vyao havikupata kuloa maji ya chumvi. Fedha hizo zilinunua mashua mpya na silaha mpya, zikaingia katika biashara ya mirungi na katika majumba. Nani atakanusha kwamba kikomboleo cha leo ndicho mtaji wa utekaji wa kesho? Aliyelipa mara moja hujulikana kuwa ni mlipaji, na mfano wa kampuni ya Bangladesh uko mbele ya macho yetu.

Pia kulipa si dhamana. Meli ya Asphalt Venture ililipiwa Aprili 2011. Maharamia walichukua fedha, wakaiachia meli, kisha wakawabakiza Wahindi 7 miongoni mwa mabaharia wake kwa sababu India ilikuwa inawashikilia wenzao. Wahindi wale walikaa mpaka Oktoba 2014.

Hata hivyo, kabla hatujaunga mkono marufuku, tuulize itamwangukia nani.

Novemba 2008 ilitekwa Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, mamia ya maili kusini mashariki ya Mombasa, ikiwa na mapipa milioni 2. Mwezi wa Januari 2009 ilikuwa huru. Fedha zilidondoshwa kwa mwavuli kutoka angani, na baadhi ya maharamia wakafa maji wakikimbilia pwani na fungu lao. Februari 2011 ilitekwa Irene SL, nayo ya mafuta, na mwezi wa Aprili ikaachiwa kwa fedha zilizotajwa kufika dola milioni 13.5. Meli hizi zilikuwa na matajiri wenye uwezo, bima kamili na mawakili, na shehena ambayo kila siku ya kuchelewa ilikuwa hasara kwa wakubwa wa dunia. Miezi miwili ilitosha.

Sasa tutazame upande wa pili. Iceberg 1, meli ya tajiri wa Dubai, ilitekwa karibu na Aden mwezi wa Machi 2010 ikiwa na mabaharia 24 kutoka Yemeni, India, Ghana, Sudani, Pakistani na Ufilipino. Hapakupatikana mtu wa kuwalipia. Walikaa karibu siku elfu moja, mmoja wao akajitosa baharini akafa, mpaka Desemba 2012 askari wa majini wa Puntland walipoizingira meli ile na kuwatoa waliobaki. Albedo, iliyotekwa Novemba 2010, ilizama mwaka 2013 ikiwa bado mikononi mwa maharamia, na mabaharia 11 walionusurika walirudi makwao mwaka uliofuata. Naham 3, chombo cha uvuvi cha Taiwan kilichokuwa na bendera ya Omani, kilitekwa Machi 2012 kusini ya Shelisheli kikiwa na watu 29. Nahodha aliuawa siku ile ile. Wawili wengine walikufa kwa maradhi. Waliosalia, watu 26 kutoka China, Ufilipino, Kambodia, Indonesia, Vietnam na Taiwan, waliachiwa Oktoba 2016, baada ya miaka minne na nusu, na wakasimulia kwamba njaa iliwafikisha kula panya. Waliofanya kazi ya kuwatoa walikuwa watu wachache wa kujitolea, wakiongozwa na kanali mstaafu wa Kiingereza aitwaye John Steed, waliokuwa wakichangisha fedha huku na huko.

Hii ndiyo hali halisi ya jambo lenyewe. Kinachoamua kama baharia atakaa miezi miwili au miaka minne ni thamani ya shehena iliyo chini ya miguu yake na bima iliyo kabatini kwa tajiri wake. Utu wake hauingii katika hesabu hiyo. Sheria ya kukataza kikomboleo haitampata mwenye meli ya mafuta, kwani yeye atapata njia ya tatu au ya nne ya kupitisha fedha. Itawapata jamaa wa mvuvi wanaouza shamba, na wale wachache wanaopita na bakuli kwa ajili yao.

Na wakubwa wenyewe wanalifahamu hilo. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua mwaka 2011, katika shauri la meli ya Malaysia iitwayo Bunga Melati Dua, kwamba kumlipa haramia kikomboleo si kosa kwa sheria ya nchi ile. Mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza iliitisha mkutano mkubwa juu ya Somalia na kuunda kikosi cha mataifa kuchunguza suala la vikomboleo. Kikosi kilitoa taarifa yake Desemba 2012, na marufuku haikuja. Haishangazi, kwani London ndiko liliko soko kongwe la bima za meli. Basi tusiwe sisi, ambao hatuna soko la bima wala manowari za kutosha, wa kwanza kujifunga kamba ambayo wenye nguvu wameikataa shingoni mwao.

Wengine hutoa mfano wa Italia, ambayo mwaka 1991 ilitunga sheria ya kuzuia mali za jamaa wa mtu aliyetekwa ili wasiweze kulipa, na utekaji ukapungua. Mfano huo ni wa kweli, ila Italia ilikuwa na polisi na majaji walioweza kuisaka milima yote ya Kalabria. Pwani ya Somalia, tangu dola ilipoanguka mwaka 1991, haikuwa na polisi wa kumsaka mtekaji. Ukimzuia mtu kulipa na wakati huo huo huna wa kumkomboa kwa nguvu, umemhukumu mateka.

Wapo pia wanaowaita maharamia walinzi wa bahari yao. Hatukatai kwamba vyombo vya kigeni vilivua ovyo katika maji ya Somalia baada ya 1991, na huo ulikuwa wizi wa wazi wa mali ya wanyonge. Lakini wavuvi wa Kambodia na Vietnam waliokula panya hawakumwibia Msomali kitu. Nao ni wavujajasho, tena wa daraja la chini kabisa.

Waliosoma vyuoni wanajua kwamba katika dini yetu kumfidi mateka ni katika mambo makubwa ya kheri, na mafakihi wakahesabu kuwa ni wajibu juu ya jamii. Wanajua pia kwamba mtu akilazimishwa kutoa mali ili kuokoa roho, dhambi humshukia apokeaye. Hata mateka wa Badri walifidiwa, na baadhi yao fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Tunalitaja hili kwa sababu tumesikia watu wenye elimu wakidai kwamba mzazi anayelipa amekuwa mshirika wa haramia. Huo ni ukali usio na asili katika sheria wala katika ubinadamu.

Lakini jamaa kulipa ni jambo moja, na Serikali kulipa ni jambo jingine. Tungependa kutamka wazi kwamba hazina ya umma isitoe hata senti moja kwa maharamia. Siku Serikali itakapolipa, kila raia wake atakayepanda chombo atakuwa na bei usoni. Shelisheli, visiwa vidogo kuliko vyetu, walilielewa jambo hili mapema. Machi 2010 chombo chao cha doria Topaz kililizuia jahazi lililokuwa likipelekwa Somalia na maharamia, wakaokolewa wavuvi 6 wa Shelisheli na Wairani 21. Na Machi 2024, siku nne tu baada ya Abdullah kutekwa, jeshi la majini la India liliikomboa meli ya Ruen iliyokuwa mikononi mwa maharamia tangu Desemba. Mabaharia 17 walitoka salama na maharamia 35 wakatiwa mbaroni. Huko ndiko fedha za Serikali zinakopaswa kwenda.

Ikumbukwe pia kwamba uharamia ulipopungua baada ya 2012 haukupunguzwa na marufuku ya kikomboleo, kwani haikuwepo. Ulipunguzwa na manowari za mataifa mengi, walinzi wenye silaha ndani ya meli, na vyumba imara ambamo mabaharia hujifungia mpaka msaada ufike, kama walivyofanya wale 24 wa Hellas Aphrodite Novemba 2025. Ulipunguzwa pia na mahakama. Kenya na Shelisheli ziliwahukumu maharamia kwa makumi, nasi Tanzania tulirekebisha sheria yetu ya makosa ya jinai mwaka 2010 ili tuweze kuwashitaki. Ubelgiji ilitumia hila ambayo wazee wangeifurahia: ilimwalika Mohamed Abdi Hassan, mkubwa wa maharamia ajulikanaye kwa jina la Afweyne, aje kusaidia kutengeneza filamu ya maisha yake. Akaingia Brussels Oktoba 2013, akakutana na polisi, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kumkamata mwenye mtaji mmoja kuna faida kuliko kuwafunga vijana ishirini wa mashua.

Turudi sasa kwenye bendera yetu, na hapa tunasema na ndugu zetu watendaji.

Bendera ya meli ni ahadi. Baharia wa Sri Lanka au wa Siria anayepanda meli iliyoandikishwa Zanzibar yuko chini ya sheria yetu hata kama hajapata kuiona Forodhani. Tumekwisha kuona namna bendera hiyo inavyoweza kutiwa doa: mwaka 2012 Serikali ililazimika kufuta usajili wa meli 36 za mafuta zenye uhusiano na Irani, na Januari 2018 Rais aliamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe baada ya vyombo vyenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Machi 2017 Aris 13, meli yenye bendera ya Komoro, ilitekwa na maharamia ikiwa na Wasri Lanka 8. Waliachiwa bila malipo baada ya siku chache, nayo ilikuwa bahati. Je, ingekuwa meli yetu, na bahati ile haipo, na tajiri wake hapokei simu? Nani angejibu barua za wake na mama zao?

Meli zinazokimbilia usajili wa bei nafuu aghalabu ndizo zenye matajiri wa namna ya Iceberg. Kwa sababu hiyo tunaona masharti mawili hayaepukiki. La kwanza, chombo chochote cha kigeni kisipewe wala kuongezewa cheti cha usajili mpaka mwenye nacho aoneshe bima inayotaja kwa maneno utekwaji wa mabaharia, matunzo yao na kurejeshwa kwao makwao, na bima hiyo ihakikiwe kwa kampuni iliyoitoa, kwani karatasi za uongo bandarini si habari mpya. La pili ni mshahara. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini, mkataba ambao Tanzania imeuridhia, yalianza kutumika Desemba 2020, na yanasema mkataba wa baharia unaendelea na mshahara wake unaendelea kulipwa muda wote anaoshikwa na maharamia. Ofisi ya usajili idai amana mapema kwa ajili ya mshahara huo, kutoka katika ada ambazo matajiri hawa wanazilipa kwa furaha kwa sababu ni ndogo. Ikiwa watazikimbia bendera zetu kwa sharti hilo, waende.

Na kwa vijana wetu wanaopanda meli za watu, wakala yeyote anayewaandikisha kazi hapa Unguja au Pemba awajibike kuiacha nakala ya bima ya meli mikononi mwa jamaa wa baharia kabla hajaondoka, pamoja na jina na anwani ya mwenye meli wa kweli, si la kampuni ya sanduku la posta.