Poka si uso mkavu, ni hesabu

Jamani, hii tabia ya kufunza watu poka kwa kuanza na "uso mkavu" ikome. Karibu kila somo ninalokuta ni lile lile: kariri karata zipi zinashinda zipi, usicheke, usitetemeke, halafu nenda ukaweke pesa. Huko ni kumtoa mtu kwenye pata potea ya stendi na kumpeleka kwenye pata potea ya tarakilishi.

Somo la kwanza liwe hesabu. Chukua Texas Hold'em: kila mtu ana karata mbili za siri, na tano hufunguliwa mezani kwa wote. Wewe una kopa mbili. Mezani zimefunguliwa nne, mbili zikiwa kopa. Imebaki moja, ikiwa kopa, tuseme umeshinda. Kopa ni 13 na unaziona 4, basi zimebaki 9. Karata usizoziona ni 46.

Mezani kuna shilingi 100. Mwenzako anaongeza 100 zake za mwisho, nawe utoe 100 au uache. Rudia hivyo mara 46: mara 9 unapata 200, jumla 1,800. Mara 37 unapoteza 100, jumla 3,700. Umeliwa 1,900, na uso ulikuwa mkavu kama jiwe! Lakini kama mezani kungekuwa na 600 kabla hajaongeza, zile mara 9 zingeleta 6,300, faida 2,600. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni bei.

"Lakini poka ni kusoma watu," mtu ataniambia. Sawa. Mwaka 2017 huko Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mizunguko 120,000. Haikuwa na macho ya kumsoma mtu wala uso wa kuficha. Na ilitishia kwa karata mbovu vizuri tu, maana hata kutishia kuna hesabu yake: mara ngapi, na kwa pesa ngapi.

Tena mwenye meza hukata chake. Mkilingana uwezo, mwishowe nyote mtatoka mmepungukiwa.

Basi anza na maharagwe, si shilingi. Ukiweza kupiga 9 kwa 46 kichwani, ndipo ufikirie pesa. Asiyetaka hesabu asiseme anacheza mchezo wa akili. Anatoa sadaka.