Dada wa Ijumaa

Chuo kikuu kisichoweza kukaa na mtoto mwaka mzima kisimwahidi ulezi. Kimpe semina, kimpe madaftari, kimletee mpira na nyavu za goli, kisha kiage na kuondoka kwa amani. Lakini kisimpe mtu.

Mtindo wenyewe unajulikana. Chuo cha Ulaya au Marekani kinatafuta mshirika, chuo cha hapa kinapatikana, hati ya makubaliano inasainiwa mbele ya kamera, na shule ya kata iliyo karibu na lami (wageni wasije wakakwama kwenye tope) inateuliwa kuwa mnufaika. Sisi wanafunzi wa chuo tunavalishwa fulana. Kila mmoja anakabidhiwa vijana watano wa kidato cha pili na kuambiwa kwamba kuanzia leo yeye ni menta wao. Andiko la mradi linataja ukuaji wa kijana balehe, kujiamini, stadi za maisha, ndoto. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko ukurasa wa 14, kwenye ratiba: wiki 10, kila Ijumaa, saa nane hadi saa tisa na nusu.

Nilikuwa mmoja wa hao mamenta mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, katika shule moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Mabinti wangu watano hawakulitumia hilo neno hata siku moja. Walituita dada wa Ijumaa. Nadhani jina hilo lilikuwa sahihi kuliko chochote kilichoandikwa kwenye andiko, kwa sababu lilitaja mpaka wetu: siku nyingine sita za wiki hatukuwa dada wa mtu.

Mmoja wao hakuzungumza kwa wiki sita. Alikuwa akijibu "sawa dada" na kuangalia daftari. Wiki ya saba alibaki darasani kwa kisingizio cha zamu ya usafi, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa, ndipo akaniambia kwamba mjomba anayemlea ameshapanga: akimaliza kidato cha pili ataenda Mwanza kukaa na ndugu wa mjomba, kumsaidia kazi za nyumbani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, Ijumaa yenu ya mwisho ni tarehe ngapi?"

Nilimpigia mratibu jioni ileile. Alikuwa mtu mpole na sikumsikia akipandisha sauti. "Mdogo wangu," alisema, "hilo liandike kwenye sehemu ya maoni mengineyo. Ufuatiliaji wa familia haumo ndani ya mawanda ya mradi." Wiki tatu baadaye tulikata keki. Soda ziligawiwa, wimbo ukaimbwa, halafu mabinti wakapewa dodoso la kupima kujiamini kwao, kuanzia moja hadi tano. Mtoto ana soda mkononi, wageni wamesimama nyuma yake wakitabasamu, unamuuliza kama anajisikia mtu wa thamani. Unategemea ajibu nini? Mstari kwenye grafu ulipanda. Niliuona baadaye kwenye bango la rangi, ukumbini, wakati wa chai.

Wanaotetea miradi hii wana methali yao, haba na haba hujaza kibaba. Kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunapima mchele. Kuhusu watoto, kuna watu waliokwisha kuihakiki, na majibu yao yamekaa kwenye maktaba za vyuo hivyohivyo vinavyotuletea fulana.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, ulianza mradi ulioasisiwa na Richard Cabot, daktari na profesa wa Harvard. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana. Katika kila jozi mmoja akapewa mshauri wa kumtembelea nyumbani, kumsaidia masomo, kumpeleka kambini, na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Mradi ulifungwa mwaka 1945. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta wale wavulana wakiwa watu wazima, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta. Waliosaidiwa hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Katika mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi: dalili za ulevi, maradhi mazito ya akili, kufa mapema. Na takribani theluthi mbili yao, walipoulizwa, walisema mradi uliwasaidia. Rudia kuisoma sentensi hiyo kabla hujagawa dodoso lingine.

Utaniambia: wale walikaa na washauri wao miaka mitano hivi, kwa hiyo muda nao si dawa. Kweli, muda peke yake si dawa. McCord mwenyewe alidhani huenda tatizo ni kwamba vijana walizoeshwa kumtegemea mtu wa nje, kisha mtu huyo akaondolewa. Hiyo ndiyo hoja yangu. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichambua uhusiano wa vijana na walezi wao katika Big Brothers Big Sisters, shirika kongwe la ulezi la Marekani. Vijana waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walijiona wa thamani ndogo kuliko walivyojiona kabla hawajapewa mtu yeyote. Wiki 10 hazifiki miezi mitatu. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Nisije nikaonekana napinga kila kitu kifupi. Kenya kuna kazi ya Shamiri, iliyochapishwa kwenye jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021: wanafunzi 413 wa sekondari, vikundi vidogo, vijana waliomaliza shule juzijuzi wakiviongoza kwa wiki nne tu, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua. Wiki nne! Lakini angalia walichoahidi. Waliahidi vikao vinne vyenye mada, wakavitoa vikao vinne. Hakuna binti aliyeambiwa amepata dada. Ufupi hauumizi mtu aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba anapewa kitu kifupi. Kinachoumiza ni kuliita somo la wiki chache kwa jina la udugu, kwa sababu udugu unasomeka vizuri kwenye ombi la fedha.

Na hapa sisi wa Pwani tusijifanye wageni. Kabla ya kuletewa neno menta tulikuwa na somo, yule mwanamke anayekabidhiwa binti anapovunja ungo. Bibi yangu, mtu wa Pangani, aliendelea kumpelekea somo wake sahani ya futari kila Ramadhani, hadi mikono ya somo ikawa inatetemeka na sahani kupokelewa na wajukuu. Sisemi turudi unyagoni. Mengi aliyofundishwa bibi, hasa ya kuvumilia kila anachofanya mume, yabaki alikoyasikia. Ila hakuna aliyethubutu kumpa binti somo wa wiki 10. Watu wale hawakuwa na andiko la mradi, lakini walijua kwamba ukimfungua mtoto mdomo, umejitwisha mzigo wa kumsikiliza hata mwakani.

Sasa tazama kalenda, maana humo ndimo dharau imejificha. Mwaka wa shule huanza Januari. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili huja mwishoni mwa mwaka, na hofu yake huanza kuingia nyumbani miezi miwili kabla: nani ataendelea, nani anaonekana mkubwa vya kutosha kuanza kazi. Chuo nacho hufungua mwaka wake Oktoba au Novemba. Kuanzia Julai, wanafunzi wa shahada ya kwanza hutawanyika kwenda fildi, mmoja Songea, mwingine Bukoba. Kwa hiyo ratiba inayofuata muhula wa chuo itamwacha kijana mkono Agosti, Septemba na Oktoba, miezi ambayo angemhitaji mtu kuliko yote. Hili hawalijui? Walimu wote wa shule wanalijua. Hakuna aliyewauliza.

Fedha nazo zina mwelekeo wake. Kwa miaka mingi, ruzuku za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekuwa zikiipa taasisi iliyo nje ya nchi hiyo asilimia 8 kwa gharama za uendeshaji, wakati vyuo vikuu vingi vya Marekani vimekuwa na viwango vinavyopita asilimia 50. Mradi wetu haukuwa wa huko, lakini uliugawa mkate kwa kisu cha aina hiyo. Tiketi za ndege zilikuwamo, hoteli ilikuwamo, mtaalamu wa tathmini alikuwamo. Nauli ya menta ilitakiwa itoke mfukoni mwake, mpaka ikafika mahali Ijumaa fulani nusu yetu hatukuonekana shuleni kwa sababu bumu lilikuwa halijaingia. Hivyo hata zile wiki 10 hazikuwa 10. Mahudhurio ya watoto yaliorodheshwa kwa makini. Ya kwetu hayakuorodheshwa.

Yule binti bado yuko shule. Mratibu hana habari, bango halimtaji, na mimi sistahili sifa yoyote. Mwalimu wa malezi na unasihi, ambaye mbali na malezi anafundisha Kiswahili mikondo minne yenye watoto zaidi ya 70 kila mmoja, alikwenda kwa mjomba mara mbili kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe. Mara ya kwanza alifungiwa mlango. Mara ya pili alikwenda na mjumbe wa shina na mama mmoja wa kikundi cha vikoba anayemdai mjomba. Nilipomuuliza aliwezaje, alicheka. "Mwanangu, mimi nitakuwepo tu hapa. Anajua hata akinikwepa leo, kesho tutakutana sokoni."

Mwalimu huyo hakuwa mshirika wa ushirikiano ule. Jina lake halikuwa kwenye hati. Siku ya kufunga alipewa fulana, saizi ndogo.

Ndiyo maana sielewi tunaposema kwamba chuo kinapeleka ulezi shuleni. Ulezi uko shuleni, umechoka, haulipwi, na una vipindi 28 kwa wiki. Chuo kinachotaka kusaidia kianze kwa kumuuliza mwalimu huyo nini kimemzidi. Huenda akaomba wanafunzi wawili wa ualimu wamsahihishie insha, ili apate alasiri moja ya kuongea na watoto. Huenda akaomba vocha ya simu. Hayo hayapendezi kwenye picha, najua, na hakuna jarida litakalochapisha makala kuhusu vocha. Akitaka mamenta, basi wawe wachache, waishi maeneo ya karibu, walipwe nauli, waanze Januari na wasiage kabla matokeo hayajatoka.

Mwezi uliopita nimetumiwa andiko jipya. Chuo kingine cha nje, shule ileile, wiki 8. Naombwa niwaratibu mamenta 20, kwa kuwa nina uzoefu. Nimerudisha majibu nikiomba mambo mawili: mwalimu wa malezi awe wa kwanza kusaini, naye alipwe, na neno "mlezi" lifutwe kila lilipotokea, liandikwe "mwezeshaji", isipokuwa kama wako tayari kubadilisha ratiba. Kutoka chuoni hadi pale ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hesabu ya nauli ya wiki 40 kwa watu sita nimeiambatanisha.