Gobore la Darini na Maneno ya Barazani

Mtu akikamatwa na bunduki isiyo na kibali, ndugu hukusanyika kabla wakili hajatafutwa. Mmoja anasema kesi hiyo haina mtetezi. Mwingine ana jamaa aliyeachiwa kwa sababu askari alikosea tarehe. Nimekaa miaka kwenye mabenchi ya mahakama za mikoani nikiandika habari za kesi, na nimeona maneno haya yakimfuata mshitakiwa hadi kizimbani. Mengine ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayomponza mtu zaidi. Nayachukua kwa sheria ya Tanzania Bara, maana huko ndiko nilikoyasikia.

La kwanza husemwa sana vijijini: "Gobore si bunduki, ni chuma cha mhunzi." Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, haitofautishi silaha iliyotoka kiwandani na iliyofuliwa nyuma ya nyumba. Kinachoangaliwa ni mtutu unaoweza kufyatua. Tena kosa hili limo katika jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Ndiyo maana mkulima aliyekuwa akifukuza nguruwe mwitu shambani hujikuta anasomewa shitaka la uhujumu uchumi, akageuka kumtazama karani kana kwamba limesomwa jina la mtu mwingine. Kwangu mimi miaka 20 kwa gobore la kulindia mahindi ni adhabu iliyopita kipimo, na Bunge lina kazi ya kuitazama upya. Lakini leo ndiyo sheria, na kutu haimwokoi mtu. Swali lenye faida ni hili: ni mtaalamu gani aliyekichunguza chuma hicho, na ameieleza nini mahakama?

"Imekutwa kwako, basi umekwisha." Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema bila sababu. Kupatikana na kitu, kisheria, si kitu kuwa chini ya paa lako tu. Mahakama ya Rufani ilishaeleza, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1987, kwamba lazima ithibitike mtu alijua kitu kipo na alikuwa na mamlaka juu yake, au kwamba kilifika pale kwa mwaliko na mpango wake hata kama hakuwepo. Fikiria nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji wanne na dari moja inayopita juu ya vyumba vyote. Bunduki ikitolewa humo, upande wa mashtaka una kazi ya kumwonyesha hakimu kwa nini ni ya huyu na si ya yule. Nani hulala chumba kile? Ufunguo hukaa kwa nani? Nani aliwaelekeza askari darini, na nani alimsikia akisema hivyo?

Maswali hayo yana wakati wake, nao ni pale shahidi yupo kizimbani. Nimewasikia washitakiwa wakisubiri zamu yao ya kujitetea ndipo waseme, "Si mimi niliyewaonyesha dari." Wiki kadhaa nyuma askari alitamka mbele yao kwamba wao ndio waliopanda kiti wakaitoa bunduki, na hakimu alipouliza kama wana swali, wakajibu, "Sina swali, mheshimiwa." Mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi: usipomdodosa shahidi juu ya jambo zito, unahesabiwa umelikubali. Neno hilo moja, "sina swali", limewafunga watu ambao huenda wangeshinda. Kama huna wakili, andika maswali yako mahabusu, hata kwenye ganda la sigara.

Kuhusu leseni, mzigo uko kwako. Ikishathibitika silaha ilikuwa mikononi mwako, wewe ndiye wa kuonyesha kibali chake.

Sasa nije kwenye dawa inayouzwa kuliko zote: "Hati ya kukamatia mali haina sahihi ya shahidi, mnyororo umekatika, kesi imekufa." Kweli yake ni hii. Askari anayepekua na kuchukua kitu anatakiwa atoe hati inayoorodhesha alichochukua, itiwe sahihi na mwenye nyumba na mashahidi walioshuhudia. Na katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilitaka kielelezo kiwe na kumbukumbu za maandishi tangu kinapokamatwa hadi kinapoletwa mahakamani: nani alikipokea, nani alikitunza, nani alikipeleka kuchunguzwa. Lakini maamuzi yaliyofuata yamelegeza sharti hilo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi mkono kwa mkono. Dawa za kulevya za unga zikichanganywa huwezi kujua. Bunduki yenye namba iliyochongwa kwenye chuma ni jambo jingine. Anayetegemea pengo la siku mbili kwenye daftari la stoo ya kituo anaegemea ukuta mbovu.

Gobore, lakini, halina namba. Siku moja niliona moja likifunguliwa mahakamani kutoka kwenye gunia la sulfate: mtutu wa bomba la maji, kitako cha mninga kilichofungwa kwa mpira wa tairi, na kikaratasi kilichoning'inia kwa uzi wa katani. Wino wa kikaratasi ulikuwa umefutika. Wakili akamuuliza askari amelitambuaje. "Nilitia alama." Alama gani, na iko wapi? Askari akaligeuza mara tatu, akanyamaza. Pale palikuwa na hoja, kwa sababu magobore mawili ya mhunzi mmoja hufanana kama pacha. Ukiwa na kesi kama hiyo, alama ya utambuzi ina uzito kuliko tarehe iliyokosewa. Sikiliza pia kama hati iliyopokelewa kuwa kielelezo imesomwa kwa sauti. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani huiondoa kwenye kumbukumbu. Ila ujue kwamba ushahidi wa mdomo wa aliyekamata unaweza kubaki na ukatosha.

"Kiri upesi, hakimu atakuhurumia." Huruma haiwezi kushuka chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Na ukishakiri kikamilifu, hukati rufaa juu ya hatia ila kwa sababu chache sana. Njia iliyopo kwa anayejua kweli ametenda ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, yanayofanywa kwa maandishi na upande wa mashtaka kisha kusajiliwa mahakamani. Si mnong'ono wa korido. Na kwa maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa kituoni, wana saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda uongezwe kisheria. Mwambie wakili wako ulikamatwa saa ngapi na uliandikwa saa ngapi. Mahakama imeyatupa maelezo mengi kwa hesabu hiyo peke yake.

"DPP hakutoa kibali, umepona." Kesi ya uhujumu uchumi bila idhini halali ya Mkurugenzi wa Mashtaka hubatilishwa, kweli. Lakini kubatilishwa si kuachiwa huru. Mahakama inaweza kuamuru kesi ianze upya, isipokuwa ikiona mwanzo mpya utawapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao.

"Bunduki ya marehemu baba ni urithi." Leseni ilikuwa ya marehemu, nayo haiendi na shamba na ng'ombe. Ipelekeni bunduki polisi, kisha anayeitaka aombe kibali chake. Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha wa silaha, Serikali yetu nayo imekuwa ikitangaza muda wa kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa.

Asiye na fedha ya wakili anaweza kumwomba hakimu msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aombe siku ya kwanza. Na kama hukumu imeshasomwa, ndugu waache kwanza vikao vya barazani, wahesabu siku: 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Aliye gerezani huzipeleka karatasi zake kupitia kwa mkuu wa gereza.