Nafasi Gani Bila Viza?

Nimechoka kuwasikia wakubwa wa fani yetu wakiwaambia wanafunzi, "Nendeni kwenye makongamano, ndiko kazi zilipo." Ni kweli. Ukisimama kando ya bango la utafiti wako, anayekuuliza maswali leo huenda ndiye atakayekuajiri kesho. Lakini jamani, makongamano hayo yako wapi?

Mwaka 2018 NeurIPS, mkutano mkubwa wa akili bandia, ulifanyika Montreal, Kanada. Waafrika wengi waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI walinyimwa viza au wakacheleweshewa. Mwaka 2019, Vancouver, yakawa yale yale. Ujuzi walikuwa nao. Walichokosa ni muhuri wa ubalozi.

Sasa tazama huku kwetu. Agosti 2019 Deep Learning Indaba ilikuja Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanafunzi wa Nairobi akishakubaliwa, alipanda matatu tu akafika. Mei 2023 ICLR ikafanyika Kigali, ambako Mkenya huingia kwa kitambulisho tangu 2014.

Kwa hivyo nyinyi makampuni mnaojisifu kukuza vipaji vyetu, acheni kutugawia fulana na vibandiko. Leteni mikutano huku, lipieni wanafunzi nauli na malazi, muwape na jukwaa.

Nawe mwanafunzi, mkutano ukija karibu, usikae nyuma ukingoja chakula cha mchana. Beba kazi yako, simama, uliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wageni na waje.