Bajeti ya halmashauri: Diwani anapitisha, wengine wanaamua

KILA mwaka, kati ya Januari na Februari, madiwani wa halmashauri za wilaya hukutana kupitisha makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaofuata. Mkurugenzi husoma taarifa ndefu, wakuu wa idara huketi nyuma na makabrasha yao, wajumbe huuliza habari za zahanati ya kata hii na madarasa ya shule ile, kisha mwenyekiti huwahoji na wote huitikia ndiyo. Kesho yake magazeti huandika kwamba halmashauri fulani imepitisha bajeti ya Sh bilioni kadhaa.

Habari hiyo si ya uongo, lakini humfanya msomaji aamini kwamba mabilioni hayo ni fedha ambazo baraza lina mamlaka nazo. Ukilifungua kabrasha lenyewe utakuta kwamba fungu kubwa kuliko yote ni mishahara ya walimu, wauguzi, maofisa ugani na watumishi wengine, ambayo hulipwa na Hazina moja kwa moja kwenye akaunti zao. Baraza haliwezi kuipunguza, kuiongeza wala kuihamishia kwenye kazi nyingine. Imo kitabuni tu.

Linafuata fungu la ruzuku. Fedha za elimu bila malipo, mpango ulioanza Januari 2016, huingia katika akaunti za shule. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nazo, tangu mwaka wa fedha 2017/18, hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Hilo ni jambo jema na lilichelewa mno, kwa maana huko nyuma fedha hizo zilikuwa zikikwama makao makuu ya wilaya huku mganga wa zahanati akikosa hata glovu. Lakini kwa diwani ni fedha anazoziona zikipita.

Kinachobaki ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya wafanyabiashara, ada za minada ya mifugo, masoko, leseni na vibali. Hizo ndizo fedha pekee ambazo madiwani wanaweza kusema ni zao, na katika halmashauri nyingi za vijijini ni sehemu ndogo ya kitabu chote. Hata hivyo ahadi karibu zote anazotoa diwani kwa wapiga kura wake hutegemea sehemu hiyo ndogo.

Msomaji anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha anaweza kudhani haya hayamhusu. Yanamhusu kila anapopigiwa simu kutoka nyumbani kuombwa mchango wa zahanati. Wananchi wamechanga, wamefyatua matofali, wamesomba mchanga na kunyanyua kuta hadi usawa wa lenta. Sasa wanasubiri kenchi na bati. Jengo la namna hiyo nchini kwetu huitwa boma, na kila anayesafiri kwa basi kwenda mikoani huyaona maboma hayo kando ya barabara, mengine yakiwa yameota majani ndani.

Maboma hayo ni matokeo ya siasa. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mgawanyo wa kazi ulieleweka hivi: wananchi wajenge kuta, Serikali imalizie, ilete vifaa na watumishi. Wananchi, kwa sehemu kubwa, walitimiza upande wao. Upande wa pili ulitegemea bajeti, na bajeti ya halmashauri ndiyo hiyo tuliyoieleza.

Ili kuona mzigo ulivyo, tuchukue mfano wa mkoani Mtwara, ambako korosho ndiyo hulipa karibu kila kitu. Mkulima akiuza kilo 1,000 kwa bei ya Sh 2,000 kwa kilo, mauzo ni Sh milioni mbili, na ushuru wa asilimia tatu ni Sh 60,000. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, ingawa mkulima yeyote atakwambia kwamba mnunuzi huukata mapema katika bei anayoiandika mnadani.

Tuseme halmashauri inatenga asilimia 40 ya mapato hayo kwa maendeleo, yaani Sh 24,000. Humo humo hutoka asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo tangu mwaka 2018 ni takwa la sheria. Ukiondoa hiyo Sh 6,000, zinabaki Sh 18,000. Serikali Kuu ilipokuwa ikipeleka fedha za kukamilisha maboma ya zahanati, kiwango kilichozoeleka kilikuwa Sh milioni 50 kwa boma moja. Kwa hesabu hiyo, halmashauri itahitaji ushuru wa karibu tani 2,800 za korosho ili iezeke na kumaliza zahanati moja tu, bila kununua dawati wala kuchimba choo cha shule popote.

Hiyo ni hesabu ya mwaka ambao mambo yamekwenda sawa. Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba hata hicho kidogo hubadilishwa na watu wasiokuwamo ukumbini.

Februari 2017 mabaraza yalipitisha makadirio yake kwa kuhesabu ushuru wa mazao uliokuwa ukifika asilimia tano. Juni mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoushusha hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula. Mkulima alistahili nafuu hiyo, hakuna anayebisha. Lakini makadirio yalikuwa yamekwisha kupitishwa, na miradi iliyoandikwa humo ilikosa miguu kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai mosi.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa makubwa zaidi. Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema kusini: korosho zilizidi tani 300,000 na bei minadani ilifika karibu Sh 4,000 kwa kilo. Halmashauri za Mtwara na Lindi zilikadiria kwa matumaini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Katikati ya 2018 Bunge liliondoa utaratibu uliokuwa ukipeleka asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje katika mfuko wa kuendeleza zao hilo, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, lakini hawakufua dafu.

Kisha minada ikafunguliwa, bei zikawa chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza korosho zote zinunuliwe na Serikali kwa Sh 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri kwa mkulima, lakini malipo yalichukua miezi mingi, na ushuru ambao halmashauri ziliutegemea kwa kila kitu, kuanzia mafuta ya magari hadi ujenzi wa madarasa, haukuingia kwa wakati. Mnunuzi safari hii alikuwa Serikali yenyewe, na mtoza ushuru wa kata hana ubavu wa kuifungia Serikali ghala.

Katika yote hayo, hakuna baraza la madiwani lililoulizwa. Na Julai, katika mkutano mkuu wa kijiji, aliyesimama mbele ya wananchi kueleza kwa nini boma halijaezekwa hakuwa waziri. Alikuwa diwani.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1972 Serikali ilizifuta kabisa halmashauri kwa sera ya madaraka mikoani, na huduma nyingi vijijini zikadorora kiasi kwamba sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi upya 1984. Zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo watu waliiita kodi ya kichwa na kuichukia kwa haki, maana mgambo waliwakimbiza wanaume porini kwa sababu yake. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine wa kero, na hakuna haja ya kuililia. Badala yake ilikuja ruzuku ya fidia kutoka Hazina, ambayo asilimia 20 ilitakiwa irudishwe vijijini. Mwenyekiti wa kijiji ukimuuliza habari za asilimia 20 hiyo, mara nyingi atacheka kwanza kabla ya kujibu.

Wakati huohuo huduma mbili ambazo mwananchi wa kijijini huzilalamikia kuliko zote zimeondolewa mikononi mwa baraza. Barabara za wilaya na vijiji zilipelekwa TARURA mwaka 2017. Maji vijijini yalipelekwa RUWASA kwa sheria ya mwaka 2019. Wapo wahandisi wanaosema kazi imekuwa bora tangu hapo, na katika wilaya kadhaa hilo linaonekana kwa macho. Lakini mwananchi hakuchagua meneja wa TARURA. Alichagua diwani, na daraja likisombwa na maji atakwenda kugonga mlango wa diwani, naye kazi yake itakuwa kuandika barua. Siku hizi hata posho za madiwani wa halmashauri nyingi hulipwa na Serikali Kuu.

Serikali Kuu ina hoja zake, na si nyepesi. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia mwaka hadi mwaka kwamba katika halmashauri kadhaa mapato yaliyokusanywa kwa mashine hayakupelekwa benki, na kwamba mikopo ya asilimia 10 ilitolewa kwa vikundi visivyorejesha, vingine visivyojulikana viliko. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisitishwa kwa sababu hiyo, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anayetetea madaraka ya halmashauri bila kuutaja wizi huu anawadanganya wasomaji wake.

Lakini wizi wa mtoza ushuru hauponywi kwa kumnyang'anya diwani maamuzi. Mtoza ushuru huajiriwa na kusimamiwa na watendaji, na mkuu wa watendaji hao, mkurugenzi, huteuliwa na Rais. Diwani anaweza kumkemea mkurugenzi kikaoni hadi sauti ikauke, kumwondoa hawezi. Huyu mwenye kalamu ya kuidhinisha malipo hawajibiki kwa wanaopitisha bajeti, na wanaopitisha bajeti hawana kalamu. Wizi ukitokea katika mpango huo, kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole.

Kwamba halmashauri zinaweza kujenga zikipewa fedha kwa wakati, tuliliona mwaka 2021. Oktoba mwaka huo Serikali ilitangaza kutumia Sh trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ilikwenda kujenga madarasa 15,000. Kamati za wananchi zilisimamia, mafundi wa mitaani walipewa kazi, na kwa sehemu kubwa watoto waliingia madarasani Januari 2022. Hata hivyo, ujenzi huo haukuwamo katika bajeti ambayo madiwani walikuwa wameipitisha Februari. Ujenzi mkubwa kuliko wote wa mwaka uliwajia kama mvua ya kiangazi.

Kwa kawaida mvua hiyo hunyesha vibaya. Fedha za maendeleo zilizoandikwa kwa mwaka mzima huweza kuchelewa hadi Mei au Juni, na zile za Serikali Kuu ambazo hazijatumika ifikapo Juni 30 hurudi Hazina, halmashauri ikaanza tena kuomba kibali. Watu wa manunuzi katika halmashauri wanaijua vizuri wiki ya mwisho ya Juni.

Tuliwahi kuwa na utaratibu uliokuwa na nafuu. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, ruzuku ya maendeleo iligawanywa kwa kanuni iliyojulikana na wote: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa kiwango cha umaskini na 10 kwa ukubwa wa eneo. Halmashauri ilikaguliwa kwanza, na isiyokidhi vigezo vya usimamizi wa fedha haikupewa. Haukukosa kasoro, lakini diwani aliweza kukokotoa mwenyewe kiasi ambacho wilaya yake ilistahili, na wananchi waliweza kumuuliza mkurugenzi kwa nini wamekosa. Utaratibu huo ulidhoofika, nafasi yake ikachukuliwa na fedha zenye maelekezo, mradi kwa mradi. Haueleweki ugumu wa kuurudisha, hasa sasa ambapo mapato yote yanaonekana kwenye mitandao ya kompyuta ya Serikali na mkaguzi anaweza kuyafuatilia akiwa Dodoma.

Hata hivyo kanuni pekee haitafungua zahanati. Muuguzi huajiriwa kwa kibali cha Serikali Kuu, na yapo majengo yaliyoezekwa, yakapakwa rangi na kuwekwa vitanda, yakabaki yamefungwa kwa kukosa mtu wa kuyafungua. Halmashauri yenye mapato mazuri humwajiri kwa mkataba kwa fedha zake. Isiyo nayo huandika barua nyingine.

Katika wilaya za korosho minada huanza Oktoba, na ushuru wa kwanza huonekana benki wiki kadhaa baadaye. Mvua nazo hufika kusini kati ya Novemba na Desemba. Boma lililofikia lenta Julai linakuwa limekwisha kunyeshewa kabla fundi hajaitwa, na yale matofali ya udongo ya juu, ambayo kina mama waliyabeba kichwani kutoka bondeni, huwa ya kwanza kumomonyoka.