Tuleteeni baiskeli za keria, Wasso tutazinunua

Tangu lami ya kilomita 49 kati ya Sale na hapa kwetu Wasso ikamilike, wateja wengi wananiulizia baiskeli za mashindano. Zinaletwa za mtumba kutoka Arusha, nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Mimi ni fundi, nikizitengeneza napata riziki. Hata hivyo, anayetafuta chombo cha kwendea kazini au sokoni namsihi asinunue.

Kagua tairi kabla ya rangi. Tairi ya mashindano ina upana wa milimita 23 hadi 28, na hujazwa upepo mpaka iwe ngumu. Kwenye lami inakimbia vizuri sana. Ila ukishika njia ya Soitsambu na Ololosokwan ni moramu, mawe na miiba ya migunga. Ukigonga jiwe, tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili kwa pigo moja. Kuvalisha tairi nene hakuwezekani, kwa kuwa foki na breki havina nafasi.

Kuna pia suala la saizi, ambalo wauzaji hawalisemi. Rimu ya baiskeli ya kawaida ya Phoenix ni ya inchi 28, ya mashindano imeandikwa 700. Kwa macho zinalingana, lakini tairi ya kwanza hukaa kwenye kipenyo cha milimita 635, ya pili 622. Milimita 13 hizo zinatosha kumlaza mtu na njaa ya usafiri akisubiri tairi ya kuagiza.

Na keria utaifunga wapi? Fremu nyingi za mashindano hazina matundu yake. Phoenix ni nzito na haina gia, mlimani utashuka usukume, lakini unakaa wima, unaona ng'ombe mbele, na dumu la maji liko nyuma. Chaguo langu ni baiskeli ya milimani yenye rimu ya 26, gia na foki isiyo na springi.

Ng'ambo ya mpaka, Maasai Mara nchini Kenya, tangu 2021 kuna mashindano ya baiskeli ya Migration Gravel Race. Washindani wake hutumia usukani uleule uliopinda, ila tairi zao ni za milimita 40 na kuendelea. Ardhi ndiyo imewaamulia.

Kijana anayetaka kushindana namuunga mkono kabisa, hasa baada ya Kigali kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza barani Afrika. Ajifue kwenye lami ya Sale, nitamhudumia. Ninyi wafanyabiashara mnaopakia mzigo Arusha, leteni rimu za 26, na kabla ya kulipia fremu, tazameni nyuma kama ina matundu ya keria.